Lina Wenyewe

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mtoto wa jirani yangu hapa Palma, mzee mmoja mwenye suti alinishika mkono nikiwa nimeinamia sahani ya pilau, akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu kwamba mimi ndiye mwanamke mwongo kuliko wote aliowahi kufanya nao kazi. Alisema kwa Kireno na alikuwa akicheka, maana uzee umemlainisha, lakini mkono hakuuachia. Nilimtazama usoni mpaka nikamtambua: Senhor Anselmo, mtaalamu wa ardhi aliyekuwa bosi wangu nilipokuwa msichana. "Swali langu ni lile lile," akaniambia. "Uliniongopea au hukuniongopea?" Wifi zangu wakaacha kutafuna. Nikamwambia, "Senhor Anselmo, kula kwanza, wali unapoa." Akala, nami nikala, na nilipofika nyumbani nikakuta hasira imenikaa kifuani pamoja na ule pilau. Wiki nzima nikawa namjibu peke yangu jikoni. Sasa namjibu kwa maandishi, na asiyependa aache kusoma.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nani alinizaa, na kwa nini walinisomesha mpaka darasa la saba wakati wenzangu wanaolewa, hayo nitayaruka. Kila mtu ana mama na baba, na wangu hawakuwa na ajabu yoyote. Vita vya zamani vilikuwa vimekwisha, hivi vya juzi vilikuwa havijazaliwa, na mimi nilikuwa nimepata kazi katika ofisi moja ndogo ya serikali, ya mambo ya ardhi, mkataba wa mwaka mmoja, Januari hadi Desemba. Kazi yenyewe ilikuwa kufagia, kuchemsha maji ya kahawa, na kutafsiri. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu, meza mbili, na rafu ya mafaili ambayo mchwa waliyasoma kabla yetu. Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Asubuhi, kabla Senhor Anselmo hajafika, nilikuwa nakaa kwenye kiti chake, natandaza mikono juu ya meza yake, na kusema Kireno na ukuta. Nilitaka nibaki pale. Nilitaka kuingia kwenye kwadro, ndivyo tunavyoita kuajiriwa moja kwa moja, jina lako likae kwenye orodha mpaka uzeeke. Sioni haya kwamba nilitaka hivyo. Msichana wa siku zile aliyefunga ufunguo wa ofisi kwenye pindo la kapulana yake, kitenge chetu cha kujifunga, hakuwa mtu wa kupitwa bila salamu.

Kiangazi cha mwaka ule likaja ombi. Tajiri mmoja kutoka kusini, ambaye sikuwahi kumwona, alitaka msitu ulio juu ya kijiji cha Mikwajuni, bara ya ghuba ya Tungue, auzungushie seng'enge na kujenga nyumba za wageni. Juu kabisa ya msitu ule, katika bonde dogo kilimani, kuna ziwa. Si kubwa, ukiita upande huu utaitikiwa upande wa pili. Wenyeji huliita Ziwa la Juu. Visima vya Mikwajuni huingia chumvi kila kiangazi, na kuanzia hapo mpaka mvua zifike wanawake wa pale hunywa, hupika na kuogesha watoto kwa maji ya ziwa lile, wakiyateremsha kichwani ndoo kwa ndoo. Tajiri akiweka seng'enge yake, ndoo zitabaki chini. Lakini sheria ilisema watu waulizwe kwanza kama ardhi ina mwenyewe, na kama inaye hapewi mtu. Basi Senhor Anselmo akaijaza pikipiki mafuta, mimi nikakaa nyuma nimekumbatia mfuko wa karatasi, tukaenda kuuliza.

Watu walikusanyika darasani alasiri. Senhor Anselmo, mtu wa mbali, mwenye adabu zake na haraka zake, akauliza kwa Kireno kama ziwa lina mwenyewe. Nikageuza: "Ziwa lina mwenyewe?" Wakajibu wote pamoja, bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi: "Lina wenyewe." Nami, bila kufikiri vile vile, nikamwambia: "Tem donos." Linao wamiliki. Hapo nilikosea, na kosa hilo nalikubali mchana kweupe. Mtu yeyote wa pwani hii anajua uzito wa neno lile. Mtoto akitaka kukata kuni kwenye kichaka cha makaburi, huambiwa acha, pana wenyewe. Wenyewe si lazima wawe na kitambulisho. Wanaweza kuwa mizimu, wanaweza kuwa marehemu, wanaweza kuwa watu usiotaka kuwataja baada ya magharibi. Mkalimani aliyekomaa angemwambia bosi wake kwamba watu hawa wanasema pana mizimu, bosi angeandika "imani za kienyeji," na chini yake "hakuna mmiliki," nasi tungekuwa Palma kabla ya kesho. Mimi nilikuwa na darasa saba na hofu ya kuonekana sijui. Neno lilikuja, nikalipitisha lilivyo.

"Wamiliki?" Senhor Anselmo akakunja uso. "Ni wangapi? Majina yao?" Watu wakatazamana. Kisha mwanamke mmoja mfupi, wa umri wa miaka sitini hivi, akasimama huku akifunga vizuri kapulana yake kiunoni. "Majina yale hayatajwi huku chini, mwanangu," akaniambia. "Mwambie bosi wako kesho mie nnampeleka akayasikie huko huko. Ila atembee. Pikipiki haipandi." Huyo ndiye Bi Rukia.

Nililala kwake. Chumba kilikuwa cha udongo, kimepakwa chokaa upande mmoja tu, kwa kuwa chokaa iliisha. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na chai yetu ilikuwa na sukari na chumvi pamoja, maana maji matamu ya ziwa yaliyobaki kwenye mtungi alimpelekea Senhor Anselmo, aliyefikia kwa mwenyekiti wa kijiji, nyumba ya pili. "Mgeni asije akasema tumemlisha bahari," akasema. Akaniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado. "Ofisi ndiyo imekuoa," akasema, "tena haijatoa mahari." Nilicheka, lakini liliniuma kidogo. Asubuhi, wakati tukichemsha mihogo ya matabicho, yaani kifungua kinywa, nikasikia sauti ya Senhor Anselmo kwenye ua wa jirani, akizungumza Kireno na mwenyekiti kwa uhuru kama watu wanavyozungumza mbele ya kuku. Alisema kama kuna wamiliki kweli, kazi hii itatuchukua mpaka Krismasi. Kisha akasema, "Lakini yule msichana ana akili. Akinimalizia hii vizuri, Jumatatu napeleka jina lake aingie kwadro." Mkono wangu ukasimama juu ya chungu. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi mpaka nikaunguza kidole.

Tukatoka jua likiwa bado chini. Bi Rukia mbele, pekupeku, na kata ya maji ndani ya furushi, mimi katikati, Senhor Anselmo nyuma na buti mpya. Tulipita mikorosho, tukapita mashamba ya ufuta yaliyokwisha vunwa, kisha mchanga ukageuka udongo mwekundu na msitu ukatufunika. Ulikuwa msitu mkavu, wa majani yanayovunjika chini ya mguu, na mizizi iliyolala kukingama njia. Hapa na pale palikuwa na kinyesi cha tembo kilichokauka, ambacho Bi Rukia alikipiga teke ili kutuonyesha ni cha zamani. Mwiko wa kwanza ulikuwa kidole: kule juu hunyooshi kidole, ukiona kitu unaelekeza kwa kidevu. Senhor Anselmo alinyoosha kalamu kwa kila mti akiuliza jina lake, na kila mara Bi Rukia aliishusha ile kalamu kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemshusha mtoto mezani. Kufika saa nne buti zilianza kumla visigino. Akawa anabaki nyuma, anakaa, anavua, anavaa.

Wakati mmoja tulipokuwa tukimngoja, Bi Rukia akanieleza wenyewe ni nani. Zamani za watekaji, wakati watu wakikamatwa kwenda kuuzwa, wanawake saba walikimbia kutoka pwani na watoto mgongoni. Walipanda bila njia, kwa kiu, mpaka wakayaona yale maji. Walikaa pale mpaka watekaji wakawasahau, wakalima, wakafa mmoja mmoja, wakazikwa pale pale, na Mikwajuni yote imetoka matumboni mwao. "Vita vya juzi," akasema, akimaanisha vile vya zamani, "sie nasi tukapanda kule kule. Miezi minne. Ungetukuta tumejaa kama vifaranga." Nikamwuliza, "Kwa hiyo wenyewe wamekufa?" Akanitazama kwa huruma, huruma ile ambayo msomi hapendi kutazamwa nayo. "Wamekufa," akasema. "Sasa ndiyo wasiwe na kwao?"

Kwa hiyo nilijua. Nataka Senhor Anselmo alisome hili taratibu, na miwani yake puani: kabla ya adhuhuri ya siku ile nilijua.

Chini ya mninga mmoja, hatua chache kabla ya bonde, Bi Rukia alituvulisha viatu. Senhor Anselmo alishukuru badala ya kubisha. Bi Rukia akapiga hodi mara tatu, akangoja. Ndege fulani akalia ng'ambo. "Tumekaribishwa," akasema. Nikamwambia Senhor Anselmo kwa Kireno kwamba tumekaribishwa, naye akatengeneza kola ya shati, akatazama huku na huku amsalimie nani. Kisha tukaliona ziwa. Maji yalikuwa ya kijani kibichi, yametulia, na yungiyungi zimefunika upande mmoja; ukingoni palikuwa na miti saba ya maua meupe iliyopandwa na mkono wa mtu, na chini yake pamefagiliwa. Hapakuwa na jiwe wala kibao. Bi Rukia akachota maji kwa kata, akampa mgeni kwanza. Akanywa kata mbili bila kupumua. Ndipo Bi Rukia akainua viganja, tukasoma Fatiha, na baada ya kujipangusa uso akaanza kutaja, akielekeza kidevu chake mti hadi mti: "Yupo Bi Anshia. Yupo Bi Zuhura. Yupo Bi Maimuna. Yupo Bi Somoe. Yupo Bi Rukia. Yupo Bi Mwanajuma." Nilikuwa nimekaa juu ya mzizi na karatasi magotini, naandika kila jina kwenye mstari wake. "Yupo Bi Mwanatumu," akamaliza.

Kalamu ikasimama. "Una nini?" akaniuliza. Nikamwambia, "Hilo ni jina langu." Mama yangu alinipa jina la bibi yake, mtu wa bara, bara ipi sikuwahi kuuliza. Bi Rukia hakutabasamu. Alikunja goti mbele yangu, mwanamke wa umri ule mbele ya msichana, akasema, "Shikamoo, bibi." Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto aliyepewa jina la marehemu ni somo yake, na kwa salamu na heshima yeye ndiye marehemu, utamwona mzee mzima anamwita mtoto wake wa kumzaa "mama," na hakuna anayecheka. Hayo niliyajua tangu utotoni. Nilikuwa sijasalimiwa hivyo bado. Nikaitikia: "Marahaba."

"Wako wapi hao?" Senhor Anselmo akauliza, akikandakanda kisigino. Nikamwuliza Bi Rukia. "Wapo hapa hapa," akasema. "Wamelala." Nikayachukua maneno yale, nikayapima, na safari hii sikuyatupa ovyo, niliyaweka kwa Kireno moja moja: wapo hapa hapa, wamelala. Senhor Anselmo akatazama jua lililokuwa utosini. "Saa hizi?" akasema. "Watu wamelala saa hizi? Ndiyo maana nchi haiendelei." Akasubiri nicheke. Angeweza kusimama, akatembea hatua ishirini, akaitafuta nyumba ambayo watu wale saba wamelala ndani yake. Hakusimama, kwa sababu ya malengelenge. "Waambie Jumamosi waje darasani waweke alama," akasema. "Wasipokuja wote saba, nafuta." Sasa niambieni ninyi mnaosoma: neno gani hapo ni la uongo? Nilitafsiri mara mbili. Mara ya kwanza, darasani, nilikosea. Mara ya pili, pale majini, sikukosea, na sina la kuombea radhi. Kuna watu walioishi maisha yao yote kwa kutafsiri vibaya kwa faida ya mwenye nguvu, na sijasikia hata mmoja wao akiitwa mwongo kwenye harusi.

Wakati wa kushuka Senhor Anselmo alikuwa mbali nyuma yetu na fimbo. "Umemwambia nini?" Bi Rukia akaniuliza. Nikamwambia, "Nimemwambia ulichosema." Akacheka mpaka akashika mti. Kisha akawa anahesabu kwa vidole, kimya kimya, na kicheko kikamwisha. "Sita ninao kijijini," akasema. "Wa saba sina. Mwanatumu wetu wa mwisho alikufa vitani, hakuacha somo." Nikaelewa. Nikasema haraka, "Mie ni mkalimani, Bi Rukia. Jumamosi nitakuwa upande wa meza." "Nshakuuliza kitu?" akasema, akaendelea kushuka. Hakuniomba, wala siku ile wala zilizofuata, na nilimkasirikia kwa hilo. Angeniomba ningeweza kumkatalia.

Nitasema sasa hivi nisije nikadhaniwa naficha: kwadro sikuingia. Desemba mkataba ulikwisha, ufunguo nikaurudisha, nikauza vitambaa miaka ishirini na kitu, nikaolewa, nikazaa, na vita hivi vilipotufikia nikavuka mpaka pale Namoto na wajukuu wawili na sufuria, kisha nikarudi. Watu wananihurumia wakisikia nilikuwa na kazi ya serikali nikaipoteza kwa ajili ya dimbwi. Wasinihurumie. Ziwa la Juu halina seng'enge mpaka leo, na mwaka jana, wakati Palma tunanunua maji ya madumu, nilipanda kule na magoti yangu haya mabovu nikanywa mpaka nikashiba.

Jumamosi darasa lilijaa mpaka madirishani. Mezani alikaa Senhor Anselmo, na muhuri na kidau cha wino. Kushoto kwake mwakilishi wa tajiri, kijana wa viatu vya njano aliyekunywa maji yake mwenyewe ya chupa. Kulia kwake mimi, nimeshika kalamu. Senhor Anselmo akaita jina la kwanza. "Anshia!" Msichana wa darasa la nne akasimama: "Nipo." Akaja, akaweka dole gumba. "Zuhura!" "Nipo," akajibu mama mjamzito. "Maimuna!" Mwanamke mmoja akaja na mtoto wa miezi mitatu, akakikwamua kidole chake kutoka kwenye ngumi, akakichovya wino. "Huyu?" Senhor Anselmo akaniuliza. "Huyu ndiye mmiliki?" Nikamgeuzia mama swali. "Jina lake Maimuna," akajibu, "au karatasi inataka umri?" Karatasi haikutaka umri. Senhor Anselmo aliitazama juu na chini, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu, lakini alikuwa mtu wa sheria, hilo nampa. Akaita Somoe, akaita Rukia, ndiye Bi Rukia wetu mwenyewe, akaita Mwanajuma, na kila mmoja alikuja na dole lake.

"Muanatumo!" Alilitamka kama nilivyoliandika, kwa tahajia ya Kireno. Akaita tena. Bi Rukia alikuwa ameketi mbele kabisa, anatazama mikono yake. Kijana wa viatu vya njano akatabasamu, akasema orodha yenye jina la mtu asiyekuwepo ni orodha ya uongo, ifutwe yote. Senhor Anselmo akaniinamia sikioni. "Andika hakuna mmiliki," akanong'ona. "Umefanya kazi nzuri. Jumatatu jina lako linakwenda." Nikaiona meza ile ya ofisini, na dirisha la wavu, na nilivyotandaza mikono asubuhi. Niliyaona yote na nikayatamani yote, sitaki mtu adhani nilikuwa shujaa asiyetamani kitu. Kisha nikaiweka kalamu chini.

"Nipo," nikasema.

Watu wakageuka. Senhor Anselmo hakuelewa mara ya kwanza, basi nikamwambia kwa lugha yake: "Presente." Akasema kwa sauti ya chini kwamba nikilijibu jina lile mimi si mkalimani wake tena, ni mtu wa Mikwajuni mwenye dai, na nitoke upande ule wa meza. Nikazunguka meza, nikasimama walipokuwa wamesimama wenzangu. Akaisukuma karatasi mbele yangu pamoja na kalamu, maana mwandiko wangu aliujua, ndio uliojaza mafaili yake tangu Januari.

"Basi saini," akasema. "Wewe unajua kuandika."

Nikachovya dole gumba kwenye wino.

"Bi Mwanatumu hakusoma, senhor," nikamwambia, nikalikandamiza.